Ya Kubeba na ya Kubebwa

Tanga ni mji uliolala tambarare, na nadhani ndiyo maana baiskeli haijafukuzwa huko kama ilivyofukuzwa kwingine. Asubuhi katika mitaa ya Ngamiani, ile inayoitwa kwa nambari badala ya majina, utawaona watu wazima na heshima zao, kofia kichwani na suruali iliyopigwa pasi, wameketi wima juu ya baiskeli zao za Phoenix kama waliokaa barazani. Hawainami wala hawana haraka. Kengele inalia mara moja tu, kwa adabu, na anayeombwa apishe anapisha. Mtoto wa shule kakaa kwenye bomba la mbele, mama kakaa upande kwenye keria, pindo la kanga kalishika mkononi lisije likaingia kwenye spoku.

Kwetu Dar es Salaam mambo ni tofauti. Mwenye baiskeli ni mtu wa ukingoni: muuza madafu aliyepanga nazi zake mpaka usawa wa kifua, au kijana wa mkaa anayeingia mjini kabla ya jua. Barabara ni ya magari, na pikipiki zimechukua kilichobaki. Hilo ndilo lililonifanya ninunue baiskeli ya kukunja. Naendesha panapoendesheka, na pakishindikana naikunja, naiingiza kwenye daladala chini ya miguu yangu, watu wanung'unike kidogo halafu wazoee.

Nilikwenda nayo Tanga kwa basi. Pale stendi ya Mbezi konda aliitazama kwa jicho la mtu anayetafuta sababu ya kutoza.

"Kaka, huu mzigo gani?"

"Baiskeli."

"Baiskeli inalipiwa."

Nikamwambia hii imekunjwa, haizidi lile begi la yule mama. Akainama, akaizunguka, akaigusa bawaba ya katikati, kisha akacheka. "Haya, weka hapo kwenye buti. Lakini baiskeli gani hii inayojificha?"

Ni mtumba wa Japani. Zinakuja kwenye makontena pamoja na majokofu na viti vya ofisi, na pale Dar unaweza kuzikuta zimepangwa nje ya duka zikiwa bado na vumbi la safari. Ukiinama na kuichunguza fremu utaona kijistika chenye nambari na maandishi ya Kijapani. Huo ni usajili wa kuzuia wizi, ambao kule ni wa lazima kisheria tangu 1994. Kila baiskeli inaandikishwa kwa polisi wa mkoa wake. Nyingine zina stika ya pili, ya shule au ya maegesho ya kituo cha treni. Yangu inazo zote mbili, na sijazibandua. Kule Japani halmashauri za miji huzoa baiskeli zilizoachwa ovyo vituoni, wenyewe wasipokuja kuzidai zinauzwa, na nyingi hupanda meli. Kwa hiyo mtu fulani aliiegesha hii akaenda zake kazini na hakurudi kuichukua.

Zilipoanza kujaa, baiskeli hizi za Kijapani zilileta jambo ambalo halizungumzwi sana. Phoenix ina bomba la juu, na mwanamke aliyevaa dera au buibui hawezi kulivuka bila kujidhalilisha. Za Kijapani nyingi hazina bomba hilo. Zina kikapu mbele, cheni imefunikwa isishike nguo, kufuli la duara limefungwa juu ya gurudumu la nyuma, dinamo ya taa, na stendi unayoisukuma kwa kisigino. Katika baadhi ya mitaa ya Dar, na Unguja pia, utawaona wasichana wa madrasa wakipita nazo na juzuu zao kikapuni. Kufuli peke yake ndilo hasara, kwa sababu funguo hubaki Japani. Kazi ya kwanza ya fundi kwa baiskeli ya namna hii ni kukata kufuli.

Mwenyeji wangu Tanga ni shemeji yangu, mume wa dada. Ni mchuuzi wa samaki. Hufuata samaki Kigombe, kijiji cha wavuvi kilicho njiani kwenda Pangani, na kuwaleta mjini kwa baiskeli. Nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba nataka kufuatana naye hadi Kigombe, kisha niendelee peke yangu hadi Pangani, jumla kama kilomita 50. Nilipoifungua baiskeli yangu uani, watoto wakashangilia. Nikalinyanyua bomba la usukani na kulibana, nikaivuta siti juu, nikakaza kishikizo cha bawaba. Shemeji alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, hakusema kitu mpaka nilipomaliza.

"Shemeji, umekuja na hiyo?"

"Ndiyo hii."

Akaenda kuleta ya kwake. Akaiegesha kando ya yangu, akarudi nyuma hatua mbili azitazame vizuri. "Unaona tofauti? Hii ni ya kubeba. Hiyo yako ni ya kubebwa."

Nikacheka, lakini maneno yale nilikwenda nayo njia nzima, maana ukiiangalia historia ya baiskeli za kukunja hakukosea hata chembe. Miaka ya 1890 kapteni mmoja wa jeshi la Ufaransa, Gérard, alipigania askari wapewe baiskeli zinazokunjwa, ili wakifika penye mto au ukuta wazivae mgongoni. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa miavuli wa Uingereza waliruka na baiskeli za BSA zilizokunjwa. Baada ya vita kazi ikawa ya mjini. Andrew Ritchie alianza kubuni Brompton yake katika miaka ya 1970 akiwa kwenye fleti iliyotazamana na kanisa la Brompton Oratory, London, na ndiko jina lilikotoka. Magurudumu ni ya inchi 16 na fremu inajikunja mara tatu. Mwaka 1982 David Hon akaanzisha Dahon kule California. Wote wawili walikuwa wakishughulika na kitu kimoja: baiskeli inayokubalika ndani ya chombo cha mwingine. Uholanzi mpaka leo, ukipanda treni na baiskeli nzima unakata tiketi yake, na saa za msongamano hawakuruhusu kabisa. Ukiikunja inahesabiwa mzigo wa mkononi na hulipi kitu. Konda wa Mbezi alikuwa anafuata sheria ya Waholanzi bila kujua.

Phoenix ina nasaba nyingine. Umbo lake ni lile la baiskeli ya Kiingereza ya barabarani, ya akina Raleigh wa Nottingham: magurudumu ya inchi 28, fremu ndefu iliyolala nyuma, usukani uliopinda kuelekea mwendeshaji, siti ya springi, na breki za fito za chuma zinazovuta vipande viwili vya raba kwenye rimu kutoka ndani. Waingereza wenyewe waliiacha zamani. Wachina wa Shanghai na Tianjin, na Wahindi wa Ludhiana, wakaendelea kuiunda karibu bila kuigusa. Jina Phoenix lilizaliwa Shanghai mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee wa Tanga wanaihusisha baiskeli hii na miaka ya TAZARA, na maelezo yao yana mantiki: sehemu ya gharama za ndani za reli ile, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ililipwa kwa mauzo ya bidhaa za Kichina katika maduka yetu. Mzee mmoja jirani wa shemeji bado anayo aliyoinunua enzi hizo. Fremu tu ndiyo ya asili; kila kingine kimeshabadilishwa.

Ya shemeji, kwa kweli, haifanani na ile iliyotoka dukani. Kiwandani wanakuuzia mifupa. Nyama unaiweka mwenyewe. Keria ya kiwandani aliing'oa siku ya kwanza akaenda kwa fundi wa kuchomelea. Mpya ni ya nondo, pana kama meza ndogo, na miguu yake haikushikizwa kwenye fremu kwa skrubu bali imeshuka mpaka kwenye ekseli ya nyuma, miwili kila upande, ili uzito uende ardhini badala ya kuning'inia kwenye mabomba. Foki ya mbele kaiongezea fito mbili za chuma, kushoto na kulia, kwa sababu foki ndiyo huvunjika kwanza mzigo ukiingia shimoni. Spoku za nyuma ni nene kuliko za mbele. Stendi ni ya miguu miwili, imepanuliwa, maana baiskeli yenye tenga la samaki ikianguka huinyanyui peke yako. Dinamo haipo, taa ni tochi ya kichina iliyofungwa kwa mpira. Mpira wenyewe ni tyubu za zamani zilizokatwa vipande virefu, amezizungusha kwenye bomba la fremu zikisubiri kazi. Sijaona kifaa cha baiskeli chenye manufaa kupita tyubu iliyokufa. Inafunga mzigo, inakuwa kiraka, inakuwa mshipi wa siti, na vipande vyake vidogo vinawekwa chini ya kengele isicheze.

Kisha kuna mapambo, na hapo nilimuuliza kwa nini mtu mwenye akili za biashara ametundika kioo cha pikipiki ambacho hakioni chochote zaidi ya bega lake mwenyewe. "Baiskeli bila kioo ni kama ya wizi," akasema. Kwenye madigadi ya nyuma kuna kipande cha raba nyeusi kilichoandikwa kwa rangi nyeupe jina la binti yake mkubwa. Siti ina kava la manyoya ya bandia, jekundu, limepigwa jua mpaka limekuwa rangi ya matofali.

Tukatoka baada ya swala ya alfajiri. Kusini mwa mji nyumba zinapungua haraka, na baridi kidogo ya bahari inakuja kutoka kushoto. Pale penye lami sikuwa na shida, nilikuwa na gia sita na yeye hana hata moja. Lakini gurudumu lake likizunguka mara kumi langu la inchi 20 linazunguka mara 14, na lami ilipokwisha nikaelewa maana ya hesabu hiyo. Gurudumu kubwa linapita juu ya shimo, dogo linaingia. Kila jiwe Phoenix ililipuuza, mimi nililipokea kwenye viganja. Barabara ile ilikuwa bado inajengwa, vipande vimekwisha na vipande bado ni kifusi chekundu, na malori ya mchanga yalipopita tulishuka pembeni tukageuza nyuso. Mwenye baiskeli huku hana njia yake. Ana ukingo, na ukingo huo anagawana na mbuzi, watoto wa shule na bodaboda zinazokuja upande usio wao.

Tongoni tulisimama kidogo, zaidi kwa ajili yangu. Magofu yako kando ya bahari: msikiti uliobaki kuta na makaburi zaidi ya 40, mengine ya nguzo. Kwenye miamba ya bahari ile ndipo jahazi la msafara wa Vasco da Gama, São Rafael, lilipokwama mwaka 1498. Waliporudi mwaka uliofuata wakiwa na mabaharia wachache wasiotosha merikebu tatu, wakalichoma moto pwani hii hii. Shemeji hakushuka kwenye baiskeli. Aliweka mguu mmoja chini, akaniambia magofu hayaondoki ila samaki wanaisha.

Mbele ya hapo tairi langu la nyuma likaanza kulegea. Halikupasuka, lilikuwa linakata pumzi polepole. Tukatafuta kivuli cha mwembe ambako shemeji alijua pana fundi, na kweli alikuwepo, mzee mwenye kofia ya kiua, zana zake zote katika boksi la mbao lililokuwa zamani la soda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii baiskeli ya mtoto ni ya nani?"

Akaigeuza miguu juu. Akalitoa tairi kwa vijiko viwili, vijiko vya kulia chakula vilivyofuliwa ncha, akapitisha kidole ndani ya tairi taratibu, akasimama mahali, akatoa uzi mwembamba wa chuma usiozidi nusu ukucha. Ni nyuzi za matairi ya malori. Likipasuka moja huacha sindano barabara nzima. Akaijaza tyubu upepo, akaizamisha kwenye beseni, mapovu yakatoka. Hakutumia solusheni. Alikuwa na pistoni ya injini ya gari iliyobanwa kwenye kifaa cha skrubu: tyubu inawekwa chini yake na kipande cha raba mbichi juu ya tundu, skrubu inakazwa, kisha anamimina mafuta ya taa kidogo ndani ya pistoni na kuyawasha. Moto unawaka, unazima wenyewe, raba imeshikana na tyubu kuwa kitu kimoja. Kiraka cha moto hakibanduki. Cha solusheni, alisema, ni cha watu wa mjini wanaoendesha karibu na nyumbani.

Nilikuwa na wasiwasi na valvu, kwamba hii ya Kijapani hatakuwa na kifaa chake. Akaifungua, akaitoa sindano yake ndogo, akanionyesha kimpira kilichovishwa juu yake, chembamba kuliko tambi, kimechakaa upande. "Hiki nacho kimekufa." Akachomoa kutoka bokisini kipande kirefu cha kimpira hicho hicho, akakata urefu wa kucha, akakilowesha kwa mate, akakivisha, akarudishia. Ilikuwa ni valvu ile ile ya Phoenix. Ni ule mtindo mkongwe wa Kiingereza ambao kwenye magari na baiskeli za mbio haupo tena, lakini Wajapani wameubakiza kwenye baiskeli zao za sokoni, na Wachina kwenye Phoenix. Mashine mbili zisizofanana kwa lolote zinapumua kwa kimpira kimoja. Tyubu ya inchi 20 hakuwa nayo, na aliniambia wazi kwamba ingepasuka vibaya ningetembea kwa miguu. Ya 28 alikuwa nazo nyingi, zimening'inia juu ya tawi.

Hapa nasema ninaloliamini: kwa mtu wa kijijini, baiskeli nzuri ni ile ambayo vipuri vyake vimetundikwa kwenye mwembe ulio karibu. Uzito wa fremu, idadi ya gia, hayo ni maongezi ya dukani. Mashirika mengi yamewahi kuleta Afrika baiskeli zilizobuniwa upya kwa nia njema, na mara nyingi kinachozikwamisha ni kitu kidogo cha namna hii, ekseli ya kipimo kigeni au rimu isiyo na tairi lake sokoni.

Kigombe tulifika ngalawa zikiwa zimeshavutwa mchangani. Pwani hii watafiti wanaijua kwa sababu nyingine: tangu 2003 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakinasa silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa kuwa ametoweka pamoja na dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na bahari hii sasa ni hifadhi inayobeba jina lake. Haliwi, mafuta mengi. Shemeji alikuwa na habari na tasi na changu. Kina mama wamepanga makarai juu ya mafiga, moshi unapanda, samaki wanageuzwa kwa fimbo ndefu ya chuma, na wachuuzi wamesimama na baiskeli zao wakisubiri zamu. Zote ni Phoenix au Hero ya Wahindi, na zote zimechomelewa. Mmoja alikuwa na keria ya ghorofa mbili, ya juu ya makreti ya soda, ya chini ya samaki. Nilipoisogeza yangu katikati ya zile, mama mmoja wa karai akauliza kama nimemleta mwanangu.

Upakiaji una elimu yake. Tenga likijaa, kwa hesabu ya shemeji, linafika kilo 60. Ukiliweka nyuma sana ya ekseli, gurudumu la mbele linapoteza ardhi na usukani unakuwa mwepesi mkononi, na hapo huna tena baiskeli bali una farasi. Kwa hiyo analisukuma mbele mpaka liguse mgongo wa siti, halafu yeye mwenyewe anakaa ncha ya mbele. Majani ya mgomba chini, samaki, magazeti, kisha gunia la kitani lililoloweshwa juu. Tyubu inapita mara tatu kwa urefu na mara mbili kwa upana, inavutwa kwa mguu ukiwa umekanyaga tenga. Breki? Nilimuuliza, maana zile fito mbili na raba zake haziwezi kusimamisha mzigo ule kwenye mteremko, na mvua ikinyesha rimu inateleza kabisa. Akanyoosha mguu akanionyesha ndala yake. Soli ya kisigino imeliwa upande mmoja, umbo la tairi.

Akaitazama keria yangu. Ni kichuma chembamba, na ubavuni imegongwa kipimo chake cha kiwandani: kilo 18. "Kumi na nane," akasoma kwa sauti ili na wenzake wasikie. "Huyu anabeba chai ya asubuhi." Tukaagana hapo. Yeye akaelekea kaskazini, anakanyaga kwa uzani mmoja usiobadilika, bila kusimama juu ya pedali hata mara moja, nami nikaendelea kusini.

Kutoka Kigombe kwenda Pangani mkonge unashika pande zote mbili, mistari iliyonyooka mpaka macho yachoke. Mkonge huu si wa kwetu kwa asili. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Mashamba yote haya ni wajukuu wa miche ile. Wafanyakazi walikuwa wanarudi kutoka zamu ya asubuhi, na nikapishana na kundi lao, wengi kwa baiskeli, panga limefungwa kwenye bomba la juu ncha ikiangalia nyuma, dumu la maji kwenye keria. Hapa hapakuwa na mapambo. Kengele nyingi hazikuwepo, na madigadi yamekatwa kwa sababu udongo mwekundu wa masika hukwama ndani yake na gurudumu likagoma. Mmoja alikanyaga vyuma vitupu, raba za pedali zimekwisha siku nyingi.

Peke yangu nilikwenda taratibu. Gia zilianza kulalamika kwa vumbi. Kile kipande kinachobadilisha cheni kinaning'inia chini karibu na ardhi, na baiskeli yenye magurudumu madogo inakiweka karibu zaidi. Nikaiacha kwenye gia ya tatu, nikawa sawa na watu wengine.

Pangani ni mji wa mdomo wa mto, boma la zamani, nyumba za milango ya nakshi zinazomong'onyoka, minazi. Hapa ndipo Abushiri, kiongozi wa vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, aliponyongwa nao mwezi Desemba 1889. Nilikula wali na samaki, nikakaa gatini nikitazama kivuko kikivusha watu kwenda Bweni. Kwa wenye baiskeli kivuko ni kiwanja cha mbele: wanasogea mpaka mlangoni kabisa, na mlango ukigusa mchanga wao ndio wa kwanza kutoka, wanasukuma kwa kukimbia ili mzigo usiwarudishe nyuma kwenye mwinuko. Madafu, magunia ya muhogo, godoro lililokunjwa, kuku wameshikwa miguu. Sikuona mwenye baiskeli tupu isipokuwa mimi.

Nafikiri ni hilo lililonipeleka kwa fundi wa kuchomelea karibu na soko. Nilimweleza ninachotaka: keria kama ya wachuuzi, miguu mpaka kwenye ekseli. Kijana akaikagua baiskeli, akaikunja na kuikunjua kimya, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Bro, unataka ibebe au unataka ijikunje?" Akanionyesha. Baiskeli hii ikikunjwa gurudumu la mbele linakuja kulala ubavuni mwa la nyuma, upande wa kulia. Keria pana itakaa pale pale gurudumu linapotaka kulala.

Tukalijadili kwa muda, na wapita njia nao wakachangia. Mmoja alishauri nikate bawaba kabisa, nichomelee fremu iwe moja, nimalize udhia. Mwingine alisema niiuze ninunue Phoenix. Fundi hakuwasikiliza, alichukua kipande cha nondo ya milimita nane, akakipima kwa kiganja, akachora sakafuni kwa chaki keria yenye ubawa mmoja: upande wa kushoto umechomelewa moja kwa moja, upande wa kulia umeshikwa kwa bolti mbili na nati za mabawa, unazifungua kwa vidole. Ukitaka kubeba unafunga. Ukitaka kupanda basi unafungua, unakiweka kipande kwenye begi.

Bei tulipatana baada ya kuondoka mara moja na kuitwa nirudi. Alichomelea bila miwani, jicho moja limefumbwa, na mimi nikaangalia ukutani. Keria ilipopoa akaikalia yeye mwenyewe, akaniambia niendeshe mpaka kona ya soko na kurudi. Usukani ulicheza, fremu ikalia katikati, lakini tulifika. Aliposhuka akainama kusikiliza, akagonga mguu wa kushoto wa keria kwa nyundo, hakuridhika. Akasema umeme usipokatika ataongeza mshazari mmoja chini, na akanituma dukani nikanunue rangi nyeusi, kopo dogo, na brashi kama naweza kupata.